Boksi la sabufa: unapima hewa, si mbao

Mpwa wangu alinijia Jumamosi moja adhuhuri na Fielder yake, buti wazi, uso umemkunjamana kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Sabufa mpya ya inchi 12, amplifaya mpya, boksi jipya lililovikwa zulia jeusi na kuzungushiwa taa za bluu. "Mjomba, hebu sikiza mwenyewe," akaniambia. Nikasikiza. Kishindo kilikuwepo, vioo vya gari vilitetemeka, lakini kilikuwa kishindo cha noti moja. Gitaa la besi likipanda, likishuka, kinachotoka nyuma ni kile kile: bwum, bwum, bwum, kama mtu anayegonga pipa tupu ndani ya stoo.

Alikuwa amekwenda kwa fundi mmoja, fundi akaitazama buti, akauliza sabufa ni ya inchi ngapi, akajibiwa 12, akatengeneza. Useremala wake ulikuwa safi, pembe zimekaa, gundi haikumwagika. Swali moja tu halikuulizwa: sabufa hii inataka hewa kiasi gani? Hapo ndipo maboksi mengi yanapoharibika, kabla hata mbao haijanunuliwa.

Tuanzie mbali kidogo. Ukiishika sabufa mkononi bila boksi na kuiunganisha na muziki, utaiona koni, ule uso wake wa mbele, inacheza kweli kweli, lakini besi huisikii. Sababu ni kwamba koni ikisukuma hewa mbele, upande wa nyuma inaivuta. Hewa iliyobanwa mbele inazunguka ukingoni na kujaza pengo la nyuma, na mambo yanaishia hapo hapo. Sauti nyembamba ina mawimbi mafupi, haiathiriki sana. Lakini wimbi la Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, karibu mara mbili ya Fielder nzima. Kwa wimbi refu namna hiyo, mbele na nyuma ya koni ni mahali pamoja, na zinafutana.

Kazi ya kwanza ya boksi basi ni kuitenga sauti ya nyuma na ya mbele. Kazi ya pili ndiyo yenye hesabu. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole kisha sukuma: mkono unasukumwa nyuma. Hewa iliyofungiwa ni springi. Mmarekani Edgar Villchur alilitumia jambo hilo mwaka 1954 akatengeneza spika ndogo zenye besi nzito, akiiachia hewa ya ndani ya boksi iishike koni. Springi ya hewa ina tabia moja ya kukumbuka: kadiri hewa ilivyo kidogo, ndivyo inavyokuwa ngumu. Boksi dogo ni springi ngumu, boksi kubwa ni springi laini.

Sasa fikiria matatu iliyochoka shokapu. Ikiingia shimoni inadunda, inadunda tena, inadunda mara ya tatu abiria wameshalalamika. Shokapu nzima ikiingia shimo lile lile inashuka, inapanda, inatulia. Sabufa nayo ni hivyo. Kila sabufa ina kipimo kiitwacho Qts kinachoonyesha inavyojizuia isidunde: kikiwa kikubwa, inadunda zaidi. Ina Fs, yaani mtetemo inaoupenda yenyewe ikiachwa huru. Na ina Vas, ambayo ni kiasi cha hewa chenye ugumu sawa na ule wa mpira na kitambaa kinachoishikilia koni. Vipimo hivi huandikwa kwenye karatasi inayokuja na sabufa. Vinaitwa vya Thiele na Small, kwa heshima ya Neville Thiele, mhandisi wa Australia aliyeandika juu ya maboksi ya bomba, yaani yenye tundu la kutolea hewa, mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza kazi hiyo akiwa Chuo Kikuu cha Sydney. Makala ya Thiele ilikaa miaka 10 kabla ya kuchapishwa tena Marekani na watu wengi wakaijua. Kabla ya hapo, watengenezaji wengi walikuwa wanakisia tu, kama wanavyokisia wengine hadi leo.

Karatasi ya mpwa wangu ilikuwa bado imo ndani ya katoni, haijafunguliwa. Fs 28, Qts 0.45, Vas lita 60. Ukikuta duka linauza sabufa isiyo na karatasi hiyo, ila maandishi makubwa ya "wati 2000" juu ya katoni, iache. Wati hizo kwa kawaida ni za kilele, za kufumba na kufumbua. Za kuaminika ni zile zilizoandikwa RMS, ambazo sabufa inaweza kuzibeba mfululizo.

Hesabu ya boksi lililozibwa kabisa, lisilo na tundu lolote, ni nyepesi. Gawanya Vas kwa lita za boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa Qts. Jibu ni Q ya sabufa ikiwa ndani ya boksi. Kwa sisi wa Mombasa, tuliozoea kununua maji ya mkokoteni, lita si jambo la kufikirika. Mtungi mmoja wa maji ni lita 20. Iweke sabufa hii katika hewa ya mtungi mmoja: 60 kwa 20 ni 3, ongeza 1 ni 4, kipeuo ni 2, mara 0.45 unapata 0.9. Mtetemo wake nao unazidishwa kwa kipeuo hicho hicho, 2, kutoka Hz 28 hadi 56. Iweke katika mitungi miwili: Q inashuka hadi 0.71 na mtetemo unakuwa Hz 44.

Hiyo 0.71 ndiyo shokapu nzima: besi imenyooka, inashuka chini taratibu bila kuvimba popote. Kwenye 0.9 koni inadunda kidogo, besi inavimba karibu na Hz 90 kisha inakatika mapema. Wako wanaoipenda hivyo, wanasema ina "punchi". Sigombani nao. Ila mtu achague kwa kujua, si kwa sababu mbao iliishia pale.

Na gari lenyewe linasaidia. Chumba cha gari ni kidogo kuliko mawimbi ya besi, kwa hiyo chini ya Hz 60 hivi hewa yote ya ndani huanza kubanwa na kuachiwa kwa pamoja, na besi inaongezeka yenyewe kadiri unavyoshuka. Boksi lililozibwa hupoteza besi kule chini, gari huirudisha. Ndiyo maana boksi la lita 40 ambalo sebuleni ungeliona la kawaida, ndani ya gari linakushangaza. Kwa gari dogo kama Vitz au Demio, na kwa mtu asiyetaka kusumbuka na hesabu ndefu, ushauri wangu unaishia hapa: zibeni boksi, mlale usingizi.

Mpwa wangu hakutaka hilo. Alitaka bomba, na vijana wengi wanataka bomba, kwa sababu boksi la bomba hupiga kwa nguvu zaidi kwa wati zile zile. Kwa nini? Chukua chupa ya soda tupu, pulizia mdomoni pake kwa pembeni. Inalia. Tia maji hadi nusu, pulizia tena: sauti imepanda. Hewa ya shingoni ni uzito, hewa ya tumboni ni springi, na uzito uliowekwa juu ya springi una mtetemo wake. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliyachunguza haya katika karne ya 19 akisoma sauti za muziki. Boksi la bomba ni chupa hiyo hiyo. Sauti ya nyuma ya koni, ambayo boksi lililozibwa huifungia na kuipoteza, hapa inaiamsha hewa ya bombani na kutoka nje ikiwa sambamba na ile ya mbele.

Lakini chupa hulia noti moja. Ndiyo siri ya ile bwum bwum. Tulilipima boksi la kijana. Hewa yake halisi ilikuwa lita 34, na bomba lilikuwa moja la PVC, kipenyo sentimita 10, urefu sentimita 12. Ukipiga hesabu, chupa hiyo inalia kwenye Hz 60. Uzi mnene wa gitaa la besi, ule wa chini kabisa, ni Hz 41. Kwa hiyo taarabu ya kisasa, chakacha, bongo fleva, vyote vilikuwa na noti zilizo chini ya pale boksi lilipotuniwa, yaani pale linapolia lenyewe. Na chini ya hapo boksi la bomba halina huruma. Bomba linakuwa shimo tu, hewa inaingia na kutoka, springi haipo tena, koni inarukaruka bila kushikwa na huku sauti haitoki. Kijana akiona haisikiki, anaongeza. Hivyo ndivyo sabufa zinavyopasuka zikiwa bado na risiti.

Basi tukaanza upya kwenye karatasi. Lengo: mitungi mitatu ya hewa, lita 60, na boksi litunwe kwenye Hz 35, chini kidogo ya uzi ule wa gitaa. Urefu wa bomba kwa sentimita unapatikana hivi: 23,562 zidisha kipenyo mara kipenyo, zidisha idadi ya mabomba, gawanya kwa Hz mara Hz mara lita, halafu toa kipenyo mara 0.73. Bomba moja la sentimita 10 linatoka na urefu wa sentimita 25. Rahisi, akasema mpwa wangu, akataka kwenda kununua paipu.

Nikamwambia ngoja. Bomba moja la inchi 4 kwa koni ya inchi 12 ni jembamba. Ukifungua sauti, hewa inapita kwa kasi inaanza kufoka, fuu, fuu, kama tairi linalotoka upepo. Tukaweka mawili. Na hapa wengi wanadanganyika: wanadhani mabomba yakiwa mawili kila moja litakuwa fupi. Ni kinyume. Mdomo ukipanuka chupa hulia juu zaidi, na ili uirudishe chini lazima shingo irefuke. Yakiwa mawili, kila moja linataka sentimita 57. Zaidi ya futi moja na nusu ya paipu, mara mbili, ndani ya boksi.

Na paipu hizo zinakula hewa. Paipu ya PVC ya inchi 4 ina kipenyo cha nje cha sentimita 11, kwa hiyo paipu mbili za sentimita 57 zinachukua karibu lita 11, zaidi ya nusu mtungi. Sabufa yenyewe, sumaku na fremu, inachukua lita 2 na nusu hivi. Mbao za kukaza ndani, weka lita 2. Ukitaka lita 60 za hewa, unajenga boksi lenye nafasi ya lita 75 na ushei. Tukapanga ndani iwe sentimita 70 kwa 36 kwa 30. Mbao ikiwa ya milimita 18, nje inakuwa 73.6 kwa 39.6 kwa 33.6. Piga hesabu ya nje: lita 98. Yaani boksi ambalo mtu angelipima kwa futi akiwa amesimama kando ya gari akasema "hili ni la lita mia", hewa yake ni 60. Tofauti ya lita 38 ndiyo inayowafanya watu walaumu sabufa.

Kabla ya kukata, pima mlango wa buti, si buti peke yake. Pima pia jinsi utakavyotoa tairi la akiba. Nimewahi kumsaidia jamaa aliyepata pancha barabara ya Mtwapa usiku, boksi limekazwa kwa skrubu juu ya kifuniko cha tairi, bisibisi hana. Boksi letu, kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), lilikuwa kilo 18 bila sabufa. Kutolifunga kabisa nako ni kosa, maana gari likipiga breki ya ghafla mzigo huo unakuja mbele. Mkanda na kulabu mbili zinatosha, unafungua kwa mkono.

Mbao. Kila mahali utaambiwa MDF ya milimita 18, na kwa sauti ni kweli: ni nzito, haina mafundo wala mapengo ndani, haitetemeki ovyo. Ila waliotoa ushauri huo hawakuwa wanaishi Tudor. Unyevu wa hapa kwetu unaingia kwenye MDF kupitia pale ilipokatwa, pembeni, inavimba kama mkate uliotiwa chai, na skrubu zinaachia. Buti inayovuja msimu wa masika humaliza kazi kwa mwezi mmoja. Kama unatumia MDF, kila ukingo uliokatwa upake vanishi au rezini mara mbili, ndani na nje, kabla ya zulia. Mimi napendelea plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji. Bei iko juu, lakini nyepesi kidogo na haivimbi. Plaiwudi ya bei nafuu ina mapengo kati ya tabaka, itakupigia kelele zake yenyewe.

Bodi nzima ni futi 8 kwa 4. Kwa hesabu ya eneo, boksi letu linahitaji chini ya nusu bodi, na hapo ndipo mtu hununua nusu akakwama. Eneo kutosha si vipande kuenea. Vichore kwenye karatasi kwanza, ukumbuke na upana wa meno ya msumeno. Kisha gundi ya mbao kwenye kila kiungo, skrubu zilizotobolewa njia, silikoni kwenye pembe zote za ndani, na uiache ikauke siku mbili kabla ya kuingiza sabufa, kwa sababu mvuke wa silikoni mbichi si rafiki wa gundi ya koni.

Waya nitaupitia haraka. Amplifaya ya wati 500 inavuta takriban ampea 45, kwa hiyo waya mwembamba utapata moto. Nunua shaba tupu, si aluminiamu iliyovikwa shaba kwa juu. Chumvi ya baharini hailipendi hilo la pili. Fyuzi ikae karibu na betri, chini ya nusu mita, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote, na waya ulio kabla ya fyuzi haulindwi na chochote. Na kwa boksi la bomba, washa kichujio cha sauti za chini kwenye amplifaya, kiwekwe karibu na Hz 30, kiikate ile mitetemo ambayo koni haina wa kuishika.

Boksi lilipokauka tulilipima kwa kijiti cha udi. Tulifunika midomo ya mabomba, tukapiga toni ya Hz 30 kwa sauti ya chini, nikaupitisha moshi taratibu kwenye kila kiungo. Moshi unapanda wima, unapanda wima, halafu ghafla unacheza. Hapo pana tundu. Tulipata mawili, moja kwenye pembe ya nyuma na jingine kwenye shimo la waya, ambalo hata mtu mzoefu husahau kuliziba. Dada yangu akatoka jikoni kuuliza nani anafukiza chumba cha gari.

Mwisho mabomba. Hesabu hukufikisha karibu, sikio na jicho humalizia. Tuliyakata yakiwa na sentimita 62 badala ya 57, ncha zikiwa zimetokeza nje ya boksi, maana paipu ndefu hukatwa ikawa fupi na fupi hairefuki. Tukapakua toni kwenye simu, tukaanza Hz 45, tukashuka moja moja. Kijana alichuchumaa mbele ya koni akiwa na tochi. Kwenye 45 ilikuwa inaenda mbele na nyuma, waziwazi. Kwenye 38 mwendo umepungua. Kwenye 34 koni ilisimama karibu kabisa, kana kwamba nimezima, na badala yake upepo ukawa unatoka bombani na kumpiga kwenye kifundo cha mkono. Pale koni inapotulia ndipo boksi lilipotuniwa, kazi yote inafanywa na hewa. Tukakata sentimita mbili, tukajaribu, tukakata mbili nyingine, halafu moja. Kwenye 35 akaniinulia kidole bila kusema, mkono bado uko kwenye upepo.